Fremit, Neno la Bi Isobel

Gordon amefariki. Binti yake alinipigia simu mchana mmoja nikiwa jikoni kwangu hapa Champlin, Minnesota, nachagua mchele, na mwanzoni sikumtambua, kwa kuwa mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa shule mwenye vyuma kwenye meno. Akasema, "Baba alituachia maagizo, siku yake ikifika tusikose kukuambia." Nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikazima jiko. Kanisani nilikaa viti vya nyuma pamoja na watu wasiojuana. Mbele, karibu na maua, walikuwa wameweka picha yake ya zamani, amevaa koti la theluji na hacheki, na nilipoitazama nikashtuka. Mtu niliyekuwa nikimwona mzee, mkali, mwenye kauli ya mwisho katika kila jambo, wakati ule alikuwa na umri nilio nao mimi leo. Tangu siku hiyo mwaka niliokaa nyumbani kwa mama yake umenirudia wote, na nimeona bora niuandike kabla haujaanza kunichanganya.

Sitaeleza hapa nilivyotoka Tanga wala nani alihangaika na safari yangu. Hizo ni habari za siku nyingine. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nasoma uuguzi, na nilihitaji mahali pa kulala. Wambui, Mkenya tuliyesoma naye darasa moja, alikuwa akimhudumia bibi mmoja upande wa Saint Paul, karibu na mto, naye alikuwa amepata kazi hospitali. Akaniambia, "Chukua hiyo nafasi, Mwanaidi. Ni mama mpole, na kuna room yako kabisa. Kazi ni kupika, kumwogesha, dawa, basi." Nikahamia kwa Bi Isobel mwanzo wa vuli, majani ya mitaa yote yakiwa mekundu, na mimi nikiwa na sanduku moja na koti ambalo Wambui alicheka alipoliona.

Nyumba ilikuwa ya matofali, ghorofa moja na chumba cha chini kilichojaa mitungi mitupu ya jamu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko. Zamani kilikuwa chumba cha cherehani, na kila nilipofagia nilipata pini kwenye nyufa za mbao. Mabomba ya kupasha joto yaligonga ukutani kama mtu anayetaka kufunguliwa. Lakini jikoni ndiko tulikoishi. Palikuwa na meza ya njano iliyoungua pembeni, dirisha la kutazama uani, na redio iliyosoma habari za hali ya hewa mchana kutwa. Asubuhi nilimpikia uji wa oti. Yeye alitaka chumvi, mimi nikaleta sukari, akanitazama kama niliyemtia mchanga. Uji huo aliula akiwa amesimama, bakuli mkononi, mgongo kwenye sinki, na sikuweza kumkalisha kwa maneno yoyote. Akishamaliza ndipo anakaa, anakunywa chai, anaongea. Jina langu lilimshinda, akanikata nikawa Idi. Nilimwambia kwetu hilo ni jina la sikukuu, na la mwanamume pia. Akasema, "Basi wewe ni sikukuu," akaendelea na chai yake.

Alikuwa amezaliwa Uskochi, kaskazini mashariki huko kwenye mashamba na upepo, akaja Minnesota akiwa bibi harusi. Kwa miaka yote aliongea Kiingereza cha hapa, safi, kisicho na alama. Mumewe, aliyekuwa ameshafariki zamani, ndiye aliyemtaka aache usemi wa kwao ili watoto wasichekwe shuleni. Akauacha. Gordon alikua, akasoma, akawa msimamizi katika kiwanda kimoja kule Fridley, akaoa, akajenga Lakeville, na hakuwahi kumsikia mama yake akitamka neno hata moja la kikwao. Kisha kumbukumbu za Bi Isobel zikaanza kubanduka, kama rangi ya ukuta inavyobanduka na kuonyesha rangi ya zamani chini yake. Kiingereza cha Minnesota kilianza kumpotea, na usemi wa kwao ukajitokeza, yeye akiwa na mimi, jikoni, mchana. Siku moja aliniambia anataka ku-greet. Mimi niliyefundishwa shuleni kwamba neno hilo ni kusalimia, nikaenda mlangoni kuangalia nani amekuja. Niliporudi nikamkuta machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Kwao, kumbe, ni kulia. Nikaanza kumsikiliza upya, nikijua kwamba hata maneno ninayodhani nayajua yanaweza kuwa na maana nyingine kinywani mwake.

Neno lenyewe nililisikia kwa mara ya kwanza theluji ikiwa imeshafunika ngazi. Jumapili hiyo Gordon alikuja kama kawaida, akakoleza moto, akabadilisha taa iliyoungua, kisha akasimama kwenye ujia na simu, akiongea na nyumba ya wazee ya kule Lakeville karibu na kwake. Hakupunguza sauti. Wengi hudhani mtu aliyesahau mambo pia hasikii. "Ndiyo, ni mama yangu," alisema. "Hapana, hawezi tena kukaa peke yake. Kuna msichana, lakini hii haiwezi kudumu." Bi Isobel alikuwa mezani na kipande cha mkate mkononi, na aliacha kutafuna. Kesho yake nilipomletea koti ili twende kliniki, alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Alisema maneno mengi ya kikwao, kwa kasi, akinitazama mimi usoni, na katika maneno hayo nikashika moja tu, kwa sababu alilirudia na kulirudia: fremit. Tulikosa kliniki. Kuanzia hapo lilikuja karibu kila alasiri, mwanga unapoanza kupungua dirishani. Alinikamata mkono wa sweta, akasema fremit, akatazama mlango, akanitazama tena.

Haikupita muda, Gordon na mkewe Carol walilisikia wenyewe. Walikuja kula na sisi chakula cha mchana. Carol alileta nyama ya kuoka na viazi vya kuponda, akaniambia nikae, yeye ataandaa. Nilipoinama kumkatia Bi Isobel nyama, akanishika kifundo cha mkono na kulisema lile neno, sauti ikitetemeka. Mkono wake wa sweta ukapanda. Juu ya kiwiko palikuwa na damu iliyovilia, zambarau, ukubwa wa kiganja. Mimi nilikuwa nimeshaiona na kuieleza kwa simu. Dawa alizokunywa zilifanya hata kugusa kiti kumwachie alama. Lakini kuelezwa na kuona ni vitu viwili. Nilipoenda kutoa sahani nikawasikia kutoka stoo ya chakula, mlango ukiwa wazi nusu.

"Analisema akimtazama yule msichana," Carol alisema. "Anamwogopa."

"Hatujui hata lina maana gani."

"Gordon, kujua mtu anaogopa hakuhitaji kamusi."

Nilisimama na sahani hizo mpaka mchuzi ukaganda. Sijawahi kumchukia Carol kwa maneno yale. Nimekuwa muuguzi miaka mingi tangu wakati ule, nimeona alama nyingine kwenye mikono ya wazee ambazo hazikutokana na dawa, na mtu anayeona alama akaacha kuuliza kwa kuona haya ndiye ninayemwogopa zaidi. Lakini siku ile nilikuwa mgeni katika nchi ya watu, nakaa kwenye nyumba yao, na kila nilichokuwa nacho, masomo, kibali, chumba, kilining'inia kwenye neno ambalo sikulijua. Gordon alimpeleka mama yake kwa daktari, na daktari akathibitisha habari ya dawa. Akaniambia hivyo bila kunitazama sana. "Mkono tumeuelewa," alisema. "Hilo jambo lingine bado." Nilipomsimulia Wambui, aliweka kikombe chini. "Wee, hiyo si mchezo. Huku wakiku-report, hata kama ni uongo, hiyo story itakufuata mpaka siku ya license. Toka hapo." Nikamwambia nikiondoka nitaonekana nimekimbia. Akafikiri, akasema, "Basi jua hilo neno ni nini. Ulijue kabla yao."

Nilikwenda maktaba kuu siku yangu ya mapumziko, na buti zangu zikaacha dimbwi chini ya meza. Sikujua linavyoandikwa. Nilimtamkia mkutubi, mwanamume mwembamba mwenye tai, akalitamka naye, tukalijaribu kwa herufi hizi na zile kama watoto wanaocheza. Alipotoka nyuma alikuwa amekumbatia kamusi ya Kiskochi ya majuzuu mengi, nzito kama matofali, akaniachia juzuu yenye herufi F. Nikalipata. Fremit, au fremd. Maana ya kwanza: wa ugenini, asiyejulikana. Ya pili: asiye ndugu, asiye wa damu. Ya tatu: mtu aliyekuwa karibu kisha akapoa, akajitenga. Chini yake waliandika asili. Neno lilikuwa kongwe kuliko Uskochi yenyewe, limetoka kwa makabila ya kale yaliyovuka bahari, na lina ndugu Ujerumani na nchi za kaskazini. Na ndani kabisa, kwenye mzizi wake, kuna kale kaneno kadogo, from, ambako Waingereza wanakatumia mpaka leo kwa maana ya kutoka. Mtu wa kutoka. Tangu nishuke kwenye ndege watu walikuwa wakiniuliza natoka wapi kabla hawajaniuliza jina. Nikafunga juzuu. Nilikuwa nimekuja kutafuta neno la kunisafisha, na nimekuta neno linalonitaja. Asiye wa damu, aliye ndani ya nyumba. Nani mwingine pale, kama si mimi?

Mwisho wa maelezo kulikuwa na mistari ya herufi ndogo, na siku hiyo sikuisoma. Natamani ningekuwa na utulivu wa kuisoma. Nilirudi Saint Paul na basi, nikapika supu, nikamlisha Bi Isobel, na aliponishika mkono alasiri na kulisema, nililisikia kwa maana yake sasa, na kila mara liliniingia. Nikaanza kupika na kufua bila kuongea. Yeye ndiye aliyeniuliza, kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, "Nimekuudhi nini, Idi?" Nikamwambia anywe chai, itapoa.

Jirani yetu wa kushoto alikuwa Bi Ingrid, mjane wa asili ya Uswidi, aliyezaliwa humo humo mtaani. Tulikuwa tunakutana kila mtu na koleo lake, tukiondoa theluji kwenye njia. Siku moja aliona uso wangu, akaniita ndani, kahawa na keki ya iliki, na iliki ile ikanilegeza nikamweleza. Akaniomba nilitamke tena neno. Kisha akatabasamu, jambo ambalo sikulitegemea. "Mama yangu alikuwa na neno kama hilo," akasema. "Främmande. Akisema leo tuna främmande, sisi watoto tulikuwa tunakimbia kuoga, na vile vikombe vyenye dhahabu vinashushwa kabatini." Nikauliza ni watu gani hao. "Wageni! Wageni wa kuja kunywa kahawa." Akaeleza kwamba neno hilo hilo ni mtu usiyemjua na ni mtu unayemwandalia meza. Nikamwambia na kwetu pia ni neno moja, mgeni, kwa wote wawili, na nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo mpaka dakika ile. Niliporudi kuchukua koleo langu nilikuwa sijui zaidi kuhusu Bi Isobel, ila woga wangu ulikuwa umepungua kiasi cha kuniwezesha kumsikiliza tena.

Nikamsikiliza. Theluji ilikuwa inayeyuka, mifereji ya paa inadondosha maji mchana kutwa, na tulikuwa tunaosha vyombo. Alipenda kuweka mikono yake kwenye maji ya moto. Akasema lile neno, taratibu, kama anayeongea na maji. Badala ya kumtuliza nikamwuliza, "Fremit ni nani, Bi Isobel?" Akashangaa nisivyojua jambo dogo hivyo. Akaeleza, lugha mbili zikipishana, na palipofungwa nikauliza tena mpaka pakafunguka. Mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na mitatu, baba yake alimpeleka kwenye shamba la watu wengine kuwa mtumishi. Kwao ndivyo walivyosema: kwenda kwa fremit. Ni kuacha nyumba ya damu yako na kwenda kuishi, kula na kufanya kazi kwa watu baki. Alilala darini juu ya zizi la ng'ombe. Uji alipewa mlangoni mwa jiko, akala amesimama, kwa kuwa kiti hakikuwa chake. Watu wale hawakumpiga, alisema. Hawakumwita jina pia. Kisha akaniomba, macho yakiwa kwenye povu: "Ongea na baba, Idi. Mwambie nitafanya kazi nikiwa hapa hapa. Asinipeleke tena kwa fremit."

Siku ya mapumziko nilirudi maktaba, nikasoma ile mistari ya herufi ndogo. Ilikuwepo, karibu maneno yake yenyewe: kwenda kwa fremit, kutoka nyumbani kwenda kuwatumikia wageni.

Kwa hiyo hakuwa akiniogopa. Alikuwa akinituma. Tangu ile simu ya kwenye ujia, alikuwa akinishika mkono kila alasiri ili nimwombee kwa wanaume waliotaka kumtoa nyumbani, na katika kichwa chake baba yake na Gordon walikuwa wameshakuwa mtu mmoja. Nilimsubiri Gordon Jumapili, nikamweleza yote pale kwenye meza ya njano, mama yake akisinzia kwenye kiti cha bembea sebuleni. Nilimwambia kuhusu zizi, uji, miaka kumi na mitatu. Alinisikiliza bila kunikatiza, vidole vyake vikifuata pale palipoungua mezani. Nilipomaliza akasema, "Mama hajawahi kutuambia chochote kama hicho."

"Ameniambia mimi."

"Wewe," akarudia. Hakuwa na ukali, alikuwa amechoka. "Naomba unielewe. Akikaa hapa, wewe una kazi na chumba. Akienda, huna. Sasa wewe ndiye unayeniletea habari kwamba hataki kwenda, kwa lugha ambayo hapa ndani hakuna anayeijua." Uso ukaniwaka. Na ubaya wake ni kwamba alikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Ningekuwa yeye ningefikiri vivyo hivyo. Nikamwambia, "Basi muulize mwenyewe. Ameamka."

Akaenda, akapiga goti mbele ya kiti cha bembea. Alikuwa mtu mrefu, na hata akiwa amepiga goti macho yao yalilingana. "Mama," akasema. "Hilo neno unalosema. Fremit. Ni nani?"

Bi Isobel alimtazama kwa muda, kwa makini, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuuza kitu mlangoni. Akainua kidole.

"Wewe," akasema.

Gordon hakuondoka pale haraka. Nilirudi jikoni nikafungua bomba ili nisisikie, na nilipofunga bado alikuwa amepiga goti, mkono mmoja juu ya kiti. Maana ya tatu ya kamusi ilinijia: aliyekuwa karibu kisha akapoa. Ila hapa hakuna aliyepoa. Gordon alikuwa amesahauliwa tu, na hilo halikuwa kosa la mtu yeyote aliyekuwamo chumbani.

Walimhamisha mwanzo wa kiangazi. Sitasema walikosea, alikuwa ameshaanguka mara kadhaa, na mimi mmoja sikumtosha. Tuliofungasha vyombo vyake ni mimi na Gordon. Tukiwa tunazungushia vikombe magazeti, akauliza bila kunitazama, "Ile kamusi ilisema nini kingine?" Nikamweleza kuhusu mzizi, mtu wa kutoka. Nikamweleza vikombe vya dhahabu vya mama yake Bi Ingrid, na kwamba kwetu anayekuja usiyemjua na anayekuja ukamchinjia kuku huitwa kwa neno moja. Akasema, "Mgeni," akijaribu kulitamka, m na g zikimsumbua. Kisha akaendelea na vikombe. Carol alikuja akanipa mkono, akasema, "Nilikudhania vibaya." Nikamwambia nimeshasahau, na haikuwa kweli, lakini nilikuwa nimeshamsamehe.

Nilihamia kwa Wambui, Fridley, kwenye kochi lake, na kila nilipoweza nilichukua gari lake nikaenda Lakeville. Gordon mwenyewe ndiye aliyeniomba. Katika nyumba ile ya wazee Bi Isobel alikula amesimama uji wa asubuhi, na wahudumu waliandika kuwa ni mbishi. Niliwaeleza, wakaacha kumlazimisha. Lakini ziara za Gordon zilikuwa mateso. Aliingia kwa sauti ya furaha, "Mama, ni mimi, mwanao!" akainama kumbusu, naye akajikunyata ukutani kama msichana aliyekutwa peke yake na mwanamume. Aliwahi kumletea albamu ya picha amwonyeshe ushahidi kwamba ni mwanawe. Bi Isobel aliisukuma ikaanguka. Wauguzi walizoea kumkuta Gordon kwenye ujia amesimama na koti lake, kama asiyejua aende au arudi.

Ninapoandika haya binti yangu yuko sebuleni anaongea na simu. Mimi humsemesha Kiswahili, anaelewa kila kitu, ananijibu kwa Kiingereza, na tumeshazoea hivyo kama watu wanaotembea kila mmoja upande wake wa barabara. Kibondei, ambacho ndicho nilichonyonya nacho, hajui hata salamu. Najua sasa, kwa kazi yangu, ni lugha ipi hubaki mwisho. Ipo siku huenda nikamshika mkono wa sweta na kumwomba jambo, na asijue ninaomba nini. Nimewaza kumfundisha. Juzi nilianza, akacheka kwa upendo, akasema, "Mom, later." Sikumlazimisha.

Jumapili moja ya mwisho wa vuli, mwaka ule ule, nilikuwa Lakeville namchana Bi Isobel nywele mlango ulipobishwa. Kubisha kulikuwa kwa polepole, kwa hiyo nilidhani ni mchungaji. Alikuwa Gordon. Amevaa tai. Hakuvuka kizingiti, alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Habari za mchana, bibi," akasema. "Samahani kwa kukusumbua. Naitwa Gordon. Nilikuwa napita. Naomba kama naweza kukaa kidogo, nje kuna baridi."

Bi Isobel alinitazama, kisha akamtazama. Nikaona mgongo wake ukinyooka. Akashusha sketi ifunike magoti, akasukuma kitana changu pembeni. "Karibu, karibu ndani," akasema. "Idi, mpe mgeni kiti. Chai ipo?"

Chai ilikuwepo. Gordon akakaa ukingoni mwa kiti, kikombe juu ya goti, akaulizwa anatoka wapi, akasema hapa hapa Lakeville. Akaulizwa kazi yake, akajibu. Walizungumza hali ya hewa kama watu wawili wenye muda wote wa dunia. Kisha akauliza, "Na wewe bibi, unatoka wapi?" Na yeye akamwambia. Alimwambia mtu baki yale ambayo kwa miaka hamsini hakumwambia mwanawe: shamba, zizi, uji wa mlangoni. Akamwambia hata ambalo mimi sikuambiwa. Baba yake alimshusha getini kwa watu wale, akamkabidhi kifurushi, akageuza mkokoteni. Barabara ilikuwa ndefu, imenyooka, haina mti. "Nilisimama nimwone akigeuka kunitazama," alisema. "Nilisimama mpaka barabara ikaisha."

"Hakugeuka?" Gordon aliuliza, sauti ndogo sana.

"Hakugeuka. Nilifikiri nimefanya kosa gani." Akamimina chai nyingine, na mgeni akamshikilia kikombe chini ya birika. "Baadaye nimezaa watoto wangu. Nikajua. Alikuwa analia. Hakutaka nimwone."

Nje mwanga ulikuwa unapungua, ile saa yake mbaya, lakini hakulisema neno lake siku hiyo. Badala yake aligutuka, akamgusa Gordon kwenye goti kama mwenye nyumba anayemkumbusha mgeni safari.

"Una mama?" akamwuliza.

"Ninaye."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi usikae hapa na mimi mpaka giza likukute. Nenda kwake. Atakuwa anakungoja."

Gordon aliweka kikombe mezani kwa uangalifu mkubwa. Akampa mkono, akamshukuru kwa chai, akaomba ruhusa ya kupita tena Jumapili ijayo, akaruhusiwa. Mimi hakunitazama, na nilishukuru. Nikasimama dirishani nikamwona akivuka maegesho kichwa wazi, akaingia garini, akafunga mlango. Hakuwasha taa wala injini.

Nyuma yangu Bi Isobel alikuwa anakusanya vikombe. "Kijana mwenye adabu yule," akasema. "Mama yake kamlea."